Usishuke Shelui

Kwa Mariamu, mke mwenzangu,

Watu wakianza barua husema wao ni wazima wa afya. Mimi nimechoka, na wewe unajua kwa sababu ndiwe uliyeniinua kitandani leo asubuhi, kwa hiyo hapo tuparuke. Mengine hapa nyumbani ni salama. Kuku wapo, mbwa yupo, alizeti ziko kwenye magunia.

Mkono unaoandika ni wa jirani yetu Mama Yohana. Barua zangu zote umeziandika wewe tangu ulipojua kushika kalamu, lakini hii nisingeweza kukwambia uiandike, ndiyo maana nimekutuma Ilongero kwa shangazi yako ukaage. Shangazi nimempigia simu nikamwambia akuchinjie jogoo mzee, yule wa kuchemka mpaka jua ligeuke. Kama meno yanakuuma, usimlaumu yeye.

Mama Yohana nimemwapisha aandike ninavyosema, asininyooshee maneno kwa sababu amemaliza darasa la saba. Tumeshagombana tayari. Amesema, "Mama Halima, hapo juu weka mpendwa." Nimemwambia huyu mtoto nimembeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda, mpendwa ya nini tena? Na nikiteleza kwenye Kinyaturu ananiambia nirudi barabarani kwenye Kiswahili, eti yeye Mnyiramba haandiki matusi asiyoyajua. Vumilia.

Habari za kufua, kufunga mlango na kuchagua marafiki sitakuambia. Umekulia nazo humu ndani. Kama hazikukuingia miaka yote hii, karatasi haitakusaidia.

Bahasha nimeikunja mwenyewe kwa mfuko wa saruji, nitaibandika kwa gundi ya unga, na juu ya mdomo wake nitapiga muhuri wa kuku. Nitakukabidhi asubuhi na kukwambia uifungue mkishapita Shelui. Ukiifungua kabla, kuku atachanika shingo. Mimi sitajua, lakini wewe utajua. Basi nachukulia kwamba umenitii, kwamba mmeshateremka Sekenke, mmepita Shelui na wauza vitunguu wake, na umekaa dirishani mwa basi la Mwanza kama kawaida yako.

Mwaka jana uliondoka hivihivi. Begi hilohilo, safari hiyohiyo, mama yuleyule wa Mwanza aliyeona kadi zako kwenye simu akasema njoo kwenye karakana yangu ya kadi za harusi, nikufundishe mashine, nikulipe. Nikakusindikiza mpaka barabarani. Nikarudi nikalala mchana, mimi nisiyelala mchana. Jua linazama nikasikia mbwa analia ile sauti anayokulilia wewe peke yako. Ukaingia, begi kichwani, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Basi limeharibika?"

"Hapana. Nimeshuka Shelui."

"Kufanya nini Shelui?"

"Kurudi."

Ulishuka kununua maji, ukaona malori yanakuja upande huu, ukaomba mojawapo. Ulisema ni kwa sababu ya kidole changu. Nilikuwa nimejikata na wembe nikichonga muhuri, kwa sababu macho yalishaanza kuniibia, na wewe ulikuwa umenifunga kile kidole kwa kitambaa kabla ya kuondoka. Ukasema ulikuwa unakiona njia nzima.

Na mimi nikafanya nini? Nikakupa chai. Nikaongeza sukari. Nikamwita Mama Yohana kwa sauti kubwa, ili usikie, nikamwambia, "Umeona mtoto mwenye huruma? Watoto wa siku hizi hawako hivi." Usiku ule nililala kama jiwe. Wewe kushuka nimekusamehe siku nyingi. Ile chai ndiyo sijaisamehe. Ningekuwa bibi wa maana ningekulaza, asubuhi nikakurudisha barabarani mimi mwenyewe kwa fimbo.

Yule mama wa Mwanza amekungoja tena. Ana moyo, maana mimi nisingekungoja. Mara ya tatu hatangoja, na mtu akimwambia Mariamu anakuja atacheka tu.

Sasa nipe muda nikueleze, kwa sababu ukiwa mbele yangu unanikatiza.

Unajua kwamba mihuri niliijulia kwenye kufagia. Nilikuwa msichana tu, nimeolewa juzi, nafagia ofisi ya chama cha ushirika. Karani alikuwa na muhuri wa mpira wenye kishikio cha mti. Watu wanakuja na karatasi zao, wamekunja sura, wanasimama tangu asubuhi. Yeye anaugusa muhuri kwenye wino, anaupuliza, tap, na mtu anaondoka akiwa mwingine kabisa. Nilikuwa naacha kufagia nitazame. Siku moja kishikio kikavunjika, wakautupa. Nikauokota kwenye takataka, nikaufunga kwenye kanga.

Nyumbani nikachanganya masizi na mafuta ya alizeti, nikaupaka, nikaugonga kwenye mfuko wa saruji. Zikatoka zile herufi zao kama sisimizi wamepanga mstari. Sikujua zinasema nini na sijui hata leo. Lakini ule wakati wa kuuinua mpira, taratibu, upande mmoja kwanza, hujui karatasi imekubali au imekataa, Mariamu, moyo wangu ulipiga kama wa mwizi. Wewe unalijua hilo. Hatujawahi kulisema mimi na wewe, lakini nimekuona unavyobana pumzi.

Nikatafuta ndala iliyokatika, nikachonga soli yake kwa wembe. Nilichonga ua la alizeti. Babu yako akaja na ng'ombe jioni, akaigeuza karatasi huku na huku.

"Hii sufuria?"

"Ni alizeti."

"Basi imeungua."

Nilimnunia mpaka akala chakula kimepoa. Lakini nikachonga nyingine, na nyingine. Kila kitu kingine nilichofanya kwa mikono hii kililiwa, au kilivaliwa, au kilifagiwa tena kesho yake. Mtama unalima, unavuna, unatwanga, unasonga, wanakula, wanauliza kesho tutakula nini. Kile kiua kwenye karatasi hakuna aliyekihitaji. Hakuna aliyeniomba. Ndiyo maana nilikipenda, na ndiyo maana majirani walisema mke wa fulani ana michezo ya kitoto. Walikuwa sahihi. Ulikuwa mchezo. Mtu mzima naye anataka mchezo, ila anaona aibu kusema.

Mama Yohana ameweka kalamu chini anasema hata yeye anashona vitambaa vya kochi na kochi hana. Haya, nimemwambia aandike na hilo.

Habari ya muhuri wa ng'ombe umeisikia kwa watu, maana kijiji kizima kinaichekea mpaka leo. Lakini wanaisimulia kama kichekesho, na mimi nataka uisikie kwangu.

Ulikuwa mgongoni kwangu, mama yako Halima hana hata mwaka tangu tumzike. Akaja mnunuzi mmoja wa ng'ombe, nadhifu, kofia mpya, ananiita mama kila neno. Ana karatasi imechorwa duara, ndani ya duara maandishi, katikati kichwa cha ng'ombe. "Mama, nimesikia sifa zako. Nichongee huu, nipambie madaftari yangu ya mifugo." Alisema amesikia sifa zangu! Mimi niliyekuwa naitwa mwenye michezo. Ningemchongea hata mlango wa msikiti.

Nikazichonga zile herufi kama ninavyochonga majani ya mti, sijui zinasema nini, natazama tu zinavyopinda. Nilizichonga kinyumenyume ili zitoke sawasawa, nikalala na ule mpira chini ya mto, nikaamka nao. Ng'ombe alitoka na kope. Sijawahi kuchonga kitu kizuri kama kile.

Mvua hazijaanza, naona mtendaji wa kijiji anakuja na mgambo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mgambo wa nini? Mimi nimekuwa ng'ombe wa wizi?"

"Ndio haohao tunaowafuata," akasema.

Kumbe yale maandishi yalikuwa ya muhuri wa kijiji. Yule bwana mwenye kofia alikuwa anagonga vibali, anapitisha mnadani ng'ombe wa watu. Tukakaa ofisini. Mtendaji akaweka karatasi mbili mezani, akauliza kwa upole kabisa, "Mama, kati ya hizi kuna mkono wako?"

Mtu mwenye akili angesema sijui. Mimi nikaweka kidole palepale, nikasema, "Wangu ni huu. Si unaona ni mzuri zaidi? Huo wenu ng'ombe hana hata kope."

Mgambo alicheka mpaka akatoka nje. Mtendaji hakucheka. Aliona kwamba sijui kusoma, na hilo ndilo lililoniokoa na mahabusu, lakini alinituma nyumbani na mgambo nikalete mihuri yangu yote. Yote, Mariamu. Maua, kanga, mabuyu, mwezi wa Idi, nyota ya Krismasi niliyowachongea wa kanisani. Wakaichoma nyuma ya ofisi. Unajua mpira unavyonuka ukiungua. Ulikohoa mgongoni kwangu usiku kucha.

Babu yako hakunisema. Ungefikiri angenisema, ng'ombe wawili kati ya wale walioibwa walikuwa wa kaka yake. Siku kadhaa zikapita, akaenda Shelui kwa shughuli zake, akarudi na gunia. Akalimimina uani. Soli za ndala, zimekatika, za madereva wa malori na matingo wao, zina matope na mafuta. Alikuwa ameziokota na kuziomba kituo kizima, mwanaume mzima na mvi zake.

Akasema, "Chonga. Ila usichonge tena kitu usichokijua jina."

Hayo ndiyo maneno ninayokupa leo, na si yangu, ni ya mzee wako uliyeninyang'anya ulipozaliwa, maana tangu siku ile akija nyumbani alikuwa anauliza kwanza mke mdogo yuko wapi. Huko karakana watakuja watu nadhifu wakisema wamesikia sifa zako. Sifa zinalewesha kuliko pombe ya mtama, mimi nimezionja zote mbili. Mimi nilikuwa na kisingizio cha kutojua kusoma. Wewe huna.

Sasa lile la boksi. Hili sijalisema kwa mtu, si kwa sababu ni siri, ni kwamba likinijia nachoka.

Zile soli za Shelui ndizo zilizonifanya niwe fundi. Nilichonga nikiwa na hasira na nikiwa na shukrani, vyote pamoja, na mkono ukatulia. Nikajua kuchemsha maganda ya alizeti nyeusi mpaka yatoe zambarau. Nikajua kuloweka mfuko wa saruji, kuukuna, kuuanika chini ya mawe mpaka unyooke kama kitambaa kilichopigwa pasi. Nikatengeneza kadi. Na kila iliyotoka vizuri kabisa nikaiweka kwenye boksi la mbao chini ya kitanda. Zilizotoka vibaya ndizo nilizogawa. Harusi za watu, Idi, Krismasi, walipata zile zenye wino uliomwagika pembeni. Nzuri nilizitunza.

Kulikuwa na moja ya kanga wawili, ndege kanga, wamepeana mgongo lakini shingo zimegeuka wanatazamana. Madoadoa yao niliyatoboa moja moja kwa sindano ya kushonea magunia. Babu yako aliipenda. Kila mara akinikuta nimefungua boksi ananiambia, "Nipe ile ya kanga."

"Uifanyie nini?"

"Niiweke mfukoni."

"Utaitoa jasho. Hiyo ni ya siku yake."

"Siku gani?"

"Siku yake ikifika utaiona."

Alikuwa anacheka, anaondoka na ng'ombe wake. Hakuiona. Aliugua kifua msimu wa kupalilia, na hata alipolala pale nje kwenye mkeka sikufikiria boksi, nilifikiria dawa na maji ya moto. Tulipomaliza arobaini yake, nikasema sasa naitoa, nitaibandika ukutani pale alipokuwa anakaa. Nikavuta boksi. Likaja jepesi upande mmoja, zito upande mwingine. Nikafunua. Mchwa walikuwa wameingia kwa chini, kimya, sijui tangu lini. Wamekula kila kadi na kujaza udongo mahali pake. Udongo umepangana vilevile kama kadi zilivyokuwa zimepangana. Niliushika ukavunjika.

Nilikaa pale chini mpaka wewe ukaja. Ulikuwa umeanza tu kusema maneno yanayoeleweka. Ukatazama ndani ya boksi, ukasema, "Bibi, umeweka udongo."

Ndiyo, mama. Niliweka udongo.

Mama Yohana anapenga kamasi. Nimemwambia akilowesha karatasi ataandika upya.

Unadhani baada ya hapo niliacha mchezo? Niliacha. Mihuri niliifunga kwenye kitambaa nikaitupa juu ya dari, miezi na miezi. Wewe ndiye uliyeishusha. Sijui ulipandaje, ulikuwa huna hata urefu wa mchi. Nimetoka shambani nakuta ukuta wote wa nje, ambao nilikuwa nimeupaka udongo mweupe juzi yake, umejaa kuku. Kuku wa kwenda juu, kuku wa kulala, kuku wa miguu hewani. Ulikuwa umetumia masizi ya sufuria na mate. Nilikuchapa, unakumbuka? Nilikuchapa viwili, kisha nikautazama ukuta vizuri. Wote walikuwa weusi sana upande wa kushoto, wamefifia kulia. Kila mmoja. Nikakuuliza, "Kwa nini unaegemea kushoto?" Ukasema huku unalia, "Ndivyo mkono unavyotaka."

Nikachukua muhuri nikapiga mmoja kando ya wako. Tukaumaliza ukuta. Mpaka leo sijaupaka tena, na anayeniuliza namwambia hao ni kuku wa Singida, wanazaana.

Tangu siku hiyo mkono wako naujua kuliko sauti yako. Sauti yako ni ya uongo, Mariamu, samahani. Ukipiga simu unasema "niko vizuri bibi" hata ukiwa unakufa. Ulipokuwa bwenini ulikuwa unanitumia kadi kwa watu wa bodaboda, na siku moja ikaja moja, kuku amefifia pande zote, tena ametoka mara mbili, mmoja kama kivuli cha mwenzake. Kwenye simu ulikuwa umesema uko vizuri. Nikasema mkono huu unatetemeka. Nikapanda bodaboda mpaka mjini, mimi na uzee wangu, nimemkumbatia kijana wa watu kiunoni kama mchumba, nikakukuta umelala na malaria, umejifunika mablanketi ya wenzako wote. Uliniuliza nani amenipigia simu. Nilikujibu kuku.

Ndiyo hivyo. Mimi sijui kusoma, lakini hayo nayasoma.

Sasa nisikilize vizuri, mwanangu, maana Mama Yohana anataka kwenda kufungia mbuzi na mimi pumzi inakatika.

Macho yangu hayatarudi kwa wewe kukaa hapa. Jicho la kushoto limekwisha, la kulia linaona kitu nikikisogeza mpaka puani. Madaktari wa macho wakija Mama Yohana atanipeleka, ameahidi mbele ya kalamu yake. Binti wa dada yangu anahamia chumba chako kesho kutwa. Anakoroma, lakini anajua kusonga ugali. Sijatupwa. Nimechoka tu, na uchovu huu si kitu cha wewe kuja kuuguza. Nimelima tangu sijaota matiti. Acha nichoke kwa amani.

Nilipokuona umerudi kutoka Shelui mwaka jana, nilikuchukua nikakuweka kwenye boksi. Nilijua ninachofanya. Wewe ndiye kadi yangu iliyotoka vizuri kuliko zote, na nikasema bado, siku yake bado. Halafu mwaka mzima nakuona unazunguka hapa uani, unanichotea maji, unanisomea dawa, usiku unatazama picha za kadi za watu wa Mwanza kwenye simu na kuzima haraka nikikohoa. Sikuwa kipofu kiasi hicho.

Sitaki kukukuta udongo.

Nenda ukajifunze mashine zao. Ukikosea, kosea kwa sauti, wakusikie, wakufundishe. Tengeneza kadi za harusi za watu, ulipwe, usione haya kulipwa. Lakini kila baada ya muda piga muhuri mmoja ambao hakuna aliyeuomba. Kwenye karatasi ya mkate, kwenye boksi la dawa ya meno, popote. Uinue taratibu, ubane pumzi. Siku ukiona hupati hamu ya huo mmoja, ujue umechoka kwelikweli, ndipo upande basi uje unisalimie. Unisalimie, nimesema. Kisha urudi.

Na ukimpata wa kumpa kadi nzuri, mpe ile nzuri. Iingie jasho mfukoni mwake.

Humu kwenye bahasha kuna kitu kigumu, umeshakigusa. Ni muhuri mdogo, unyayo wa kuku, vidole vitatu mbele na kimoja nyuma. Nimeuchonga mwezi huu kwa kupapasa, wewe ukidhani nalala. Wembe nimeushika kwa kitambaa, kwa hiyo usianze kuniuliza habari za kidole. Kidole kimoja cha huo unyayo kimepinda, na sina macho ya kukinyoosha. Ndio wa mwisho. Soli yake ni ya lile gunia la babu yako, niliibakiza moja. Kwa hiyo Shelui imeshakupa ilichokuwa nacho. Huna kingine cha kushukia pale.

Ukifika piga huo unyayo kwenye karatasi, mpe kondakta wa basi linalorudi. Simu piga pia, siwezi kukuzuia, utasema uko vizuri na mimi nitasema nimesikia. Lakini nitangoja karatasi. Nitaisogeza puani. Nikiona umeegemea kushoto kama siku zote, mweusi mzito, nitajua mtoto amekaa kwenye kiti, amekula, mkono wake uko kazini.

Mbwa ameinua masikio, utakuwa unakuja. Mama Yohana anikabidhi karatasi niweke muhuri wangu, sahihi sina.

Nimeshaupiga. Uko hapo chini. Najua utautazama kabla hujasoma chochote, kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha. Ndiyo, umefifia. Ndiyo, umetoka mara mbili, mmoja kama kivuli cha mwenzake. Mama Yohana anasema tuufute tupige mwingine ulio mzuri. Nimekataa, mizuri niliitunza ikaliwa. Huu ndio wako.

Nimelia, basi. Si malaria. Kaa kwenye kiti chako.

Bibi yako,
Mama Halima